Nafasi ya Mlango

Vakansi ya Julai, Katuba. Baridi ya asubuhi
inauma masikio kuliko kofi.
Ukumbi wa parokia, vumbi jekundu hadi ndani ya soksi.
Mwalimu Kiluba akagawa nafasi:
Kabedi, mama anayerudi baada ya miaka saba.
Ngosa, mume. Wale mapacha, majirani wambea.
Mimi, mlango.

Nyumbani walicheka mpaka bukari ikapoa.

Wiki mbili nilisimama. Nilijifunza
kwamba mlango hauna mgongo, una nyuso mbili;
kwamba mtu akisita kabla ya kubisha
pumzi yake inakufikia kwanza.
Kabedi alibisha kwa vidole viwili,
hapa, chini ya mfupa wa bega,
na kila siku alichelewa kidogo zaidi.

Siku ya wazazi Papa alikuja na buti za mgodini,
akakaa nyuma kabisa, karibu na kutokea.
Kabedi akainua mkono. Hakubisha.
Ngosa akasahau maneno yake.
Mtu akakohoa.
Nikalia kama bawaba kavu, kriii,
haikuandikwa popote,
nikafunguka.

Njiani Papa hakusema neno.
Tulipofika, ufunguo mkononi,
alibisha kwanza.