Orodha ya Mali

Tulifika Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, saa mbili kasoro:
dalali wa mahakama mbele, mgambo wanne,
mimi karani nyuma, na daftari.
Kesi ilikuwa imekula miaka kumi na mmoja.

Bi Mwanshamba hakulia. Alikuwa anafagia.
"Ngojeni nimalize ukumbi," alisema.
"Nyumba haikabidhiwi na taka."
Tukangoja, wanaume sita juani,
tukisikiliza fagio la chelewa likikwaruza sakafu.

Kisha nikaingia, nikahesabu, nikaandika:
*viti tatu, godolo moja,*
*cherehani isiyo na mkanda,*
*baiskeli ya marehemu, tairi zimelala,*
*meza ya miguu mitatu.*
Mgambo mmoja akacheka: mguu wa nne ulikuwa tofali.
"Andika na tofali," alisema Bi Mwanshamba.
"Nalo nililinunua."

Dalali akafungua kidau cha wino,
akamwonyesha pa kubandika dole gumba.
Akakisogeza kando kwa kidole kimoja.
Akavaa miwani, mkono mmoja wa uzi,
akasoma.
Mstari kwa mstari. Jua likapanda ukutani.

"Kalamu."

Nikampa.

"Viti vitatu, mwanangu. Si viti tatu.
Na godoro lina *r*. Ulisoma wapi?"
Nikaitaja shule.
Akatikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba.

Dalali, subira imemwisha, akaleta methali:
"Mama, asiyekubali kushindwa si mshindani."
"Kushindwa nimekubali," alisema, macho kwenye karatasi.
"Makosa ndiyo sijayakubali."

Akasahihisha yote, matano,
akatia herufi zake pembeni ya kila moja
kama sheria inavyotaka, sheria ile ile.
Ndipo akasaini, jina zima, bila kufupisha:
*Mwanshamba binti Kombo wa Mbwana Shehe*,
mwandiko umeinama kidogo kulia,
wala haukugusa mstari wa chini.

Ufunguo hakumpa dalali. Alinipa mimi.
"Mlango huu masika huvimba, ukagoma.
Uinue kwanza, ndipo usukume."

Akaondoka na kikapu kimoja na fagio.
Fagio sikuwa nimeliandika.

Mwenye nyumba mpya alikuja alasiri, na gari, na mashahidi.
Mvua ilikuwa imenyesha.
Akausukuma mlango kwa mkono, kwa bega,
kwa mguu, watu wakitazama.
Nilisimama pale, daftari kwapani.
Sikumwambia.