Kipande cha Reli

Baba hakuwa na kengele.
Alikuwa na kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima,
alichopewa stesheni ya Kasese siku aliyostaafu
badala ya saa ya ukutani waliyomwahidi.
Alikibeba begani hadi kanisani kwetu, bonde la Kilembe,
akakining'iniza kwa mnyororo kwenye mkaratusi,
na kwa bolti ya reli hiyohiyo
akakigonga Jumapili iliyofuata.

Mara tatu. Kimya. Mara mbili.

Mchungaji alidhani ni Utatu,
kisha Agano la Kale na Agano Jipya;
akalihubiri jambo hilo mwezi mzima.
Baba alisikiliza, akaitikia amina,
njiani akamnong'oneza mama:
"Ni ishara ya genge letu tu.
Treni imepita, rudini kazini."

Alikuwa Kule, mvulana wa nne kwa mama yake.
Kwetu namba yako ndiyo jina lako,
hivyo akaita nyumbani kama anayesoma daftari la zamu:
Masika, Biira, Baluku, Kabugho, Mbambu,
Bwambale, Ithungu,
na mimi Kyakimwa, binti wa sita,
wa mwisho kufikiwa na sukari.

Sukari aliifungia kabatini. Sitadanganya kwa kuwa amekufa.
Alihesabu vijiko. Alihesabu kilo za kahawa.
Sadaka aliihesabu mara mbili kabla ya kuitoa,
maana Mungu naye, alisema, hapendi chenji pungufu.

Viatu vya ibada alivivalia mlangoni.
Njia nzima vilikuwa mkononi, nyayo zake kwenye tope,
ili vidumu. Vikadumu miaka ishirini na miwili,
na ndani ya miaka hiyo
wote wanane tulikwenda shule tumevaa viatu.

Mahubiri yakifika "jambo la pili",
usingizi ulimchukua.
Mama alijua. Alimwachia bega.

Mwaka ule Nyamwamba uliposhuka usiku
ukisukuma mawe makubwa kama nyumba,
ukabeba daraja, ukabeba migomba na mbuzi wa jirani,
ukaingia kanisani bila kubisha hodi
na kutoka na mabenchi yote.
Asubuhi baba hakuwepo kitandani.
Tulimkuta ukingoni, suruali ameikunja hadi magotini,
akilivuta benchi moja kutoka kwenye matope.
Baluku akakasirika: "Mzee, mabenchi yamezagaa huku kote,
kwa nini ufie hilo?"
Baba akapangusa tope kwa kiganja,
akatuonyesha mahali mbao ilipobonyea kidogo.
"Hapa hukaa mama yenu."

Alifariki Alhamisi, miaka tisini na moja,
ndevu ameshanyoa.
Jumamosi tulimzika, ukungu umeshuka hadi kwenye kahawa,
watu wakasema mengi, mengine ya kweli.

Jumapili nani agonge?
Mjukuu wake Mbusa akaokota bolti,
akagonga nne, akagonga moja, akagonga tena kwa hofu.
Mama hakuwa amesema neno tangu Alhamisi.
Akasimama kwenye nyasi, akainua kidole:
"Tatu. Ngoja. Ngoja kwanza. Mbili."

Kisha akaingia, akakaa penye mbao yake,
akasogea kidogo
kama mtu anayempisha mwenzake aliyechelewa.

Jioni nilifungua kabati.
Sukari ilikuwepo, robo kilo, imeganda.
Na daftari. Ukurasa wa mwisho,
mwandiko wake umeinama kama mtu apandaye mlima:

*Sadaka, elfu mbili.
Betri za redio, bado.
Kyakimwa amepiga simu. Ameuliza hali.
Nimemwambia mzima.*