Tisini na Tisa

Turku, Februari. Mto Aura umeganda,
na chini ya jengo la saikolojia, chumba namba sita,
hita inakohoa kama mvuta sigara.
Kazi yangu ni ndogo: kupokea wanawake,
kuwaonyesha kiti, pazia, blanketi la kijivu,
kuwaeleza namna ya kujiwekea kipimo,
kisha kutoka, kufunga mlango,
na kutazama mstari ukipanda na kushuka kwenye kioo.

Mstari hauna haya wala hauna vibaya.
Unapanda kwa filamu ya wapenzi wawili,
unapanda kwa sauti ya mgeni ndani ya treni,
na siku nyingine unapandia jambo
ambalo mwenye mwili amelikana kwa kalamu:
Sikuhisi chochote. Sifuri.

Profesa Launis, mstaafu asiyestaafu,
huingia na kikombe chake, akagonga kioo kwa ukucha:
"Unaona? Mwili hausemi uongo."
Vuokko, anayeandika tasnifu, humjibu bila kugeuka:
"Jicho hutoa machozi ukikata kitunguu, Profesa.
Amekufa nani?"

Ndiye aliyetufundisha, miaka ile,
kwamba mwanamume hutangatanga, mwanamke hutulia,
ndivyo maumbile yalivyogawa,
na akatuonyesha picha za ndege, jozi kwa jozi, tawini.
Kisha watu wa ghorofa ya tatu,
wale wenye buti za matope na masanduku ya viota,
wakapima damu ya makinda:
sita ndani ya kiota kimoja, baba wawili,
na mama aliyekuwa akiimbiwa asubuhi nzima
na mume aliyedhani analinda.
"Ndege ni ndege tu," akasema Launis.
Walipokuwa wametulia, walikuwa ushahidi.

Jumanne akaja Taimi Ylönen,
miaka sitini na minane, arobaini na miwili ya ndoa,
na keki ya mdalasini ndani ya taulo,
kwa sababu, alisema, mtu haendi kwa watu mikono mitupu
hata kama watu wenyewe wanataka kumpima.
Kiti alikikataa. Dodoso akalichukua.

Swali la thelathini na moja:
Hamu yako kwa mwenzi wako imepungua kwa nini?
Chagua moja. Umri. Afya. Uchovu. Ugomvi.

Hakuchagua. Aliandika pambizoni kwa penseli,
herufi zikipanda ukingo wa karatasi kama sisimizi:

*Eino nampenda. Nimemzoea
kama mkono unavyoizoea swichi gizani.
Mnataka kujua kama nimemchoka. Sijamchoka.
Nimemchoka Taimi, yule anayelala upande wa dirisha,
anayejua atakachoambiwa kabla hajaguswa.
Mwaka wa tisini na moja, Oulu, semina ya wahasibu,
mwanamume mmoja aliniuliza nacheka nini,
nikaona sijui.
Hakunigusa. Nilirudi nyumbani kwa basi la usiku,
na Eino hadi leo hajui
bahati yake ya wiki ile ilitoka wapi.*

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zaidi:
*Hapo mtaandika mwaminifu, au si mwaminifu?*

Nikasoma mara tatu. Hita ikakohoa.
Kompyuta inapokea moja, mbili, tatu, nne;
haipokei Oulu.
Nikamwita Vuokko. Akasoma amesimama,
akavuta kiti kile kilichokataliwa, akaketi,
akala kipande cha keki bila neno,
makombo yakiangukia blanketi.
"Andika tisini na tisa," akasema.

Tisini na tisa, kwetu, maana yake:
hakujibu.

Nikaandika.
Karatasi yenyewe imo mkobani mwangu, wiki ya tatu hii,
kinyume cha kanuni zote nilizotia saini.
Huwa naitoa usiku, taa ya upande wangu ikiwa imewashwa,
na Jouni bado hajaniuliza
nasoma nini.