Mji Uwe Kulia

Daw Htay Yin hapandi basi lolote tu.
Ya namba kumi na moja yako mawili:
moja huizunguka Birmingham kama mshale wa saa,
la pili huenda kinyume, na ndilo lililotangulia kufika,
tupu, lina joto, mlango wazi.
"Hilo linakwenda kombo," akasema, akalipa mgongo.
Tukasimama Kings Heath dakika kumi na tisa kwenye manyunyu,
mimi na kitambulisho cha kazi shingoni,
yeye na kofia ya sufi ya rangi ya haradali,
maana hekalu huzungukwa likiwa kulia kwako,
na siku ambayo miguu haifiki hekaluni
mji utatosha.

Baba yake aliendesha gari la farasi huko Bagan.
Watalii walikaa nyuma, miguu ikining'inia.
Binti alikaa mbele, umri miaka tisa,
kazi yake kuwakumbusha wavue viatu
kwa lugha nne, zote za kuomba radhi.

Cotteridge. Anagonga kioo kwa pete.
"Shwezigon. Usikimbilie dhahabu.
Tazama chini, kuna kishimo cha maji sakafuni:
mfalme aliiona ncha ya mnara humo humo,
asiinue shingo taji likaanguka."
Nikatazama chini. Kando ya njia, dimbwi,
na ndani ya dimbwi duka la kinyozi, kichwa chini miguu juu,
taa zinawaka.

Bournville, mlango ulipofunguka, ikaingia harufu ya kakao.
"Hapa hapana kitu. Hapa farasi alikunywa maji."

Selly Oak, penye njia ya hospitali, akanyamaza.
Kisha: "Ananda.
Wamesimama wanne ndani, warefu kupita nyumba.
Yule wa kusini, ukiwa mbali, anatabasamu.
Msogelee mpaka miguuni, utakuta hacheki hata kidogo.
Watalii walikwenda mbele, wakarudi nyuma,
mbele, nyuma, kama watu waliosahau ufunguo.
Baba akaniambia, waache,
wanadhani anayebadilika ni yeye."

Jumanne iliyopita daktari alitabasamu tangu mlangoni.
Nilikuwepo. Nilimshikia mkoba.

Harborne nikamwambia: kwetu Kondoa
kuna michoro miambani, ya kale kuliko mfalme yeyote,
wageni huvuka dunia kuja kuipandia.
"Ikoje?"
Sijui. Nimekulia chini yake,
sijawahi kupanda.
Akanikazia macho kama aliyemshika mwizi wa kuku,
na mpaka Bearwood hakunisemesha.

Handsworth, nyumba nyekundu zimeshikana mabega.
"Dhammayangyi. Mfalme mbaya.
Alipitisha sindano kati ya matofali,
ikipenya, mwashi anakatwa mkono."
Akaukagua ukuta wa duka la simu, taratibu, jicho moja.
"Hapa ingepenya hata kijiko."
Alicheka mpaka akakohoa,
akakohoa mpaka dereva akatutazama kwenye kioo.

Erdington sikumbuki. Stechford mvua.
Acocks Green tukateremshwa: gari mwisho hapa,
anayetaka kuendelea apande jingine.
"Duara lina kiraka," akasema,
lakini alipanda, akahakikisha kwa kidole
kwamba mji bado uko kulia.

Zamu yangu huisha saa kumi.
Kings Heath nikainuka, nikamshika kiwiko.
"Mara tatu," akasema. "Hii ni moja."
Nikapiga simu ofisini, nikasema msongamano wa magari.

Kabla ya kilima alikuwa amelala,
kofia imemteremkia kwenye nyusi,
mdomo wazi kidogo.
Kwa mbali ungedhani anatabasamu.
Sikusogea.

Cotteridge, nikagonga kioo kwa ukucha,
polepole, nisimwamshe.
Shwezigon, nikasema. Usikimbilie dhahabu.
Ndani ya dimbwi kinyozi alikuwa anafagia nywele,
anazima taa moja moja.