Mizani Sitini na Tatu

Karatasi yangu ni nyepesi kuliko za wote:
mstari mmoja mnene, juu yake 63,
kisha alama moja, nyeusi, kama punje ya mtama.
Ndiyo kusema: nyamaza mizani sitini na tatu,
halafu gonga matoazi.

Moja, mbili, tatu, nne.
Mbili, mbili, tatu, nne.

Merryn anaongoza kwa mkono uleule
uliogawa barua asubuhi, mlango kwa mlango,
na plasta kidoleni, kazi ya mbwa wa akina Hocking.
Kwaya inataka taratibu, bendi inataka mbio,
naye kasimama kati kama mama wa mapacha
ajuaye nani kaanza, na hasemi.

Tisa, mbili, tatu, nne.

Jana walitupiana maneno.
"Mnatuzamisha," walisema alto.
"Imbeni, basi," zilijibu tromboni.
Leo midomo ya tromboni imezibwa kwa soksi za sufu,
za kijani. Ukikaza macho utaziona.

Hedley na tuba yake, mtu na mjukuu mnene mapajani.
Miaka arobaini alichimba udongo mweupe
wa vikombe vya watu asiowajua,
na shimo likamlipa kwa kikohozi.
Daktari kamwambia aache kupuliza.
Amesema atafikiria.
Anavuta pumzi pale ambapo karatasi haijamruhusu,
na Denzil, jirani yake, bila kumtazama,
anaishikilia noti mpaka mzee arudi.
Hilo mtunzi hakuliandika.

Ishirini na mbili, mbili, tatu, nne.

Ysella ana miaka kumi na mitatu na vyuma menoni.
Zamu yake ya peke yake ni baada ya wimbo huu.
Anafuta viganja kwenye sketi, anafuta tena,
tarumbeta kailaza pajani kama kitu kinachoweza kuamka.
Mama yake yuko jikoni nyuma ya kanisa,
anakata mikate ya zafarani; harufu inapita chini ya mlango
na kuwafikia besi kwanza. Daima besi kwanza.

Thelathini na nane, mbili, tatu, nne.

Alto, safu ya pili, wa tatu kutoka ukutani.
Hapo alisimama Loveday wangu miaka kumi na tisa.
Sasa anasimama Gwenna. Alikuja kuniomba ruhusa,
kana kwamba hewa ina hatimiliki,
nami nikampa na jalada la buluu, noti zote ndani,
pamoja na maandishi ya penseli ya marehemu:
*pumua hapa. Usikokote. Meza mate.*
Na ukurasa wa kumi na moja, kabla tu ya matoazi:
*usimtazame Wilf.*
Gwenna alinionyesha Jumanne, tukacheka wote wawili,
mimi nikatangulia kuacha.

Nikigonga hufumba jicho moja. Sijui kwa nini.
Alisema lingemponza siku moja, kicheko
katikati ya utukufu.

Arobaini na tano, mbili,
arobaini na sita,
arobaini na

Ngapi?

Merryn kazama kwa soprano, mkono wake wa kushoto
unawaombea huruma juu ya sauti isiyofikika.
Jory kwenye ngoma anageuza karatasi. Tayari? Anageuza?
Matoazi yana uzito wa milango.
Nimeyainua, na sijui niko wapi duniani.

Ndipo Gwenna akainua macho kutoka kwenye jalada,
akakataa lile neno la penseli,
akanitazama.

Nikagonga.

Vumbi jeupe likaanguka kutoka kwenye boriti.
Hedley akakohoa ndani ya mlio, asisikike.
Bwana mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa amesinzia,
akaruka na kupiga makofi kabla ya wakati.

Katika programu mimi ni "na wengineo".
Nikayabana matoazi kifuani yanyamaze;
yakaendelea kutetemeka kidogo ndani ya sweta.
Nikafungua ukurasa unaofuata:
mstari mnene, mizani mia moja na nne.

Moja, mbili, tatu, nne.