Hodi Moja

Ipagala, saa nane usiku, umeme umerudi.
Ndahani anasikiliza ilimba ya mjomba wake wa Mvumi:
inadondoka vizuri, kisha mkwaruzo,
kama mchanga kwenye ugali wa uwele.

Anafungua msimbo.
Kumbe programu, kwa kila chembe ya sauti,
inakimbilia kiini cha mashine:
hodi, saa ngapi?
Hodi, saa ngapi?
Mara elfu arobaini na nne kwa sekunde.

Nani anamtuma mtoto dukani
akanunue chumvi punje kwa punje?

Anahamisha mstari mmoja tu.
Saa iulizwe mara moja, mlangoni,
jibu likae mfukoni hadi fungu liishe.
Kiraka anakiacha wazi, achukue atakaye.

Feni ndiyo inayonyamaza kwanza.
Halafu, nyuma ya ilimba,
mjomba anavuta pumzi,
na mbuzi, mbali,
ambaye hakuna aliyejua amerekodiwa.