Chini ya Kiti cha Nyuma

Zungusha ufunguo nusu, asema Musyimi, usiwashe.
Tunatega sikio.
Pampu nzima huguna kidogo huko nyuma,
kama mtu aliyeitwa usingizini.
Hii haigutuki.

Twang'oa kiti. Chini yake
shilingi tano, maganda ya njugu,
na kiatu kimoja cha Kwamboka,
cha siku ile tuliyotoka naye Pumwani.
Tulikitafuta hadi tukalaumiana.

Musyimi hataki sigara karibu, hata simu.
Skrubu sita, moja imekula kutu.
Aichomoa mbovu ikidondosha petroli,
atia ya mtumba niliyoibishania Grogan
mpaka adhuhuri.

Ufunguo, nusu.
Mmmm, yaguna.

Musyimi anacheka. Mimi nimeshika kiatu.
Kinaingia vidole viwili tu.
Mwenyewe siku hizi anavaa saba.